Ukishuka melini, uliza vita vilipita wapi

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, zinapotia nanga Dar es Salaam au Unguja zile meli kubwa za watalii, zenye ghorofa nyingi kuliko majengo ya mji wanaoutembelea, abiria hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hupanda mabasi yaliyoagizwa na meli yenyewe, likapelekwa, likarudishwa, na likichelewa meli hulisubiri. Kundi la pili hushuka kwa miguu, na ramani mkononi, likajitafutia teksi au mtumbwi. Hili halisubiriwi na mtu. Lakini mara nyingi ndilo linalorudi na habari.

Katika kundi hilo la pili wamo wanaofuata jambo moja tu, nalo ni mahali palipopiganwa vita. Ukiwaona wamesimama kwenye sanamu ya Askari pale Samora, wakipiga picha huku daladala zikiwapigia honi, usidhani wamepotea. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927, na kutoka bandarini unaifikia kwa miguu. Wengine hupanda teksi hadi makaburi ya vita yaliyo njia ya Ali Hassan Mwinyi, yaliyohamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road. Kule Unguja hukodi mashua hadi kisiwa kidogo cha Chapwani, walikozikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg alfajiri ya Septemba 20, 1914, ikiwa imesimama kwa matengenezo. Safari hizo ni za saa mbili tatu, na zinawezekana. Atakayekuambia kwamba kutoka Dar es Salaam unaweza kwenda delta ya Rufiji kuona Königsberg yenyewe ilipozamia Julai 11, 1915, na ukarudi kabla ya meli kung'oa nanga jioni, huyo anataka fedha yako na hajali utalala wapi.

Basi sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita huyasoma hayo magazetini na kusema, aa, hayo ni mambo ya pwani na ya Wazungu. Hapo ndipo nataka tuzungumze leo.

Nasi tuna bahari yetu. Tuna meli, tuna bandari, na tuna vita vilivyopita juu ya mashamba ya babu zetu. Kwa desturi ya miaka mingi meli ya Mwanza kwenda Bukoba huondoka usiku, ikafika asubuhi, ikashinda hapo na kurudi usiku unaofuata. Nani kati yetu hajawahi kuipanda, au kumsindikiza mtu aliyeipanda? Wafanyabiashara wa ndizi na kahawa wanaijua kama kiganja cha mkono. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba mchana ule mmoja wa Bukoba, kati ya kushuka na kupanda, unatosha kuona alama za vita viwili?

Cha kwanza ni kile cha 1914 hadi 1918. Juni 1915 Waingereza walipakia zaidi ya askari elfu moja katika meli za Reli ya Uganda huko Kisumu, wakavuka ziwa, na tarehe 22 wakashuka kaskazini ya Bukoba, chini ya majabali. Shabaha yao ilikuwa mnara wa simu ya upepo, ambao Wajerumani waliutumia kupeana habari. Walipigana siku mbili. Mnara ukalipuliwa, kisha mji ukaporwa, na hilo si uzushi wetu, maana maofisa wa Kiingereza wenyewe waliliandika. Miongoni mwa waliopigana hapo alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, ambaye aliuawa Januari 1917 kusini mwa nchi na jina lake likapewa pori la wanyama. Baada ya siku hizo mbili Waingereza walipanda meli zao wakarudi Kisumu. Kwa maneno mengine, ile nayo ilikuwa safari ya kushuka melini na kurudi. Wenyeji ndio waliobaki na majivu.

Mwaka uliofuata walirudi kwa nia ya kukaa. Mwezi wa Juni 1916 walichukua Ukerewe, kisiwa kilichokuwa kikiwalisha Wajerumani mchele. Usiku wa Julai 11 kuamkia 12 walishuka mashariki ya Mwanza chini ya Jenerali Charles Crewe, na kufika tarehe 14 Wajerumani walikuwa wameuacha mji na kukimbilia kusini. Wakati huohuo, upande wa magharibi, Wabelgiji kutoka Kongo walikuwa wamekwisha kuingia Biharamulo, na Julai hiyohiyo wakapambana na Wajerumani waliokuwa wakiondoka Bukoba, katika nchi iliyo kati ya Biharamulo na kona ya ziwa ya kusini-magharibi. Yaani, ndugu zangu wa Geita, mapambano yale yalikuwa mlangoni kwenu. Kisha ikawa mbio. Waingereza wakishuka kupitia Shinyanga, Wabelgiji wakishuka upande wa magharibi yao, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuingia Tabora. Wabelgiji wakashinda, tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali wao Tombeur baadaye alipewa cheo cha ubwana kwao chenye jina la Tabora. Tabora yetu hii, ya maembe na asali.

Kwa nini Waingereza walichelewa? Waliishiwa wapagazi. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza haikuwapo, ilifika ziwani mwaka 1928. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lililopita Shinyanga mwaka ule lilipita juu ya kichwa cha mtu. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Vita vya pili vya Bukoba wengi wetu hatuhitaji kuvisoma vitabuni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wapo wanaonisikiliza ambao walichukuliwa mgambo kutoka vijiji vya Shinyanga na Mwanza, wakapanda malori, na wapo wenye kaka zao waliolala Kaboya, wilaya ya Muleba, katika makaburi ya mashujaa. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mto upo, Kyaka ipo, na kanisa lililobomolewa kwa mabomu limeachwa kama ushahidi.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu safari kama hii huharibika kwenye hesabu kabla haijaharibika barabarani. Tuseme umeshuka bandarini Bukoba saa 1 asubuhi, na meli inaondoka saa 3 usiku. Usijidanganye kwamba una saa 14. Mwenye akili hujihesabu kuwa anatakiwa bandarini saa 12 jioni, jua likiwa bado linaonekana, kwa sababu gari laweza kupasuka tairi, mvua ya Bukoba haitangulizi taarifa, na kondakta wa basi dogo hana mkataba na nahodha. Basi una saa 11. Toa saa moja ya kunywa chai na kuoga uso. Toa nyingine ya kusubiri gari lijae, na hapo nimekuwa mpole. Zimebaki tisa.

Kyaka iko kwenye barabara ya lami iendayo Mutukula, mwendo wa saa moja hivi. Kaboya iko upande mwingine, kusini, njia ya Muleba. Mtu atakuambia kwamba yote mawili yanawezekana kwa siku moja, na kweli, ukikodi gari lako mwenyewe yanawezekana. Lakini ukiniuliza mimi, nitakushauri uchague moja. Nimewaona watu waliokwenda kote kuwili. Wanachokumbuka ni vumbi na bei ya gari. Anayekwenda Kyaka peke yake hupata nafasi ya kusimama ukingoni, kuyatazama maji, na kumkuta mzee wa pale akiwa hana haraka, na hapo ndipo safari inapoanza. Kaboya ni jambo lingine. Lile ni eneo la jeshi, huendi kama uendavyo sokoni. Andika barua mapema, pitia ofisi ya wilaya, beba kitambulisho, na kama unakwenda kwenye kaburi la ndugu yako sema hivyo tangu mwanzo. Kamera iache mfukoni mpaka uambiwe itoe. Hata kwenye madaraja, uliza kwanza. Askari anayekuuliza maswali darajani anafanya kazi yake.

Najua pia wapo ambao tangu Mei 21, 1996 hawataki kusikia neno meli, na sina neno la kuwabishia, kwa sababu makaburi ya Igoma yapo na yanasema yenyewe. Hao waende kwa basi. Lami ya kutoka Geita kupitia Biharamulo na Muleba inawafikisha, tena inawapitisha katika nchi ileile ambayo Wabelgiji na Wajerumani walipigania. Na kwa wanaoelekea Mwanza kutoka Geita, lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikikula nusu ya siku. Sababu ya kusema Mwanza ni mbali imepungua.

Halafu kuna suala la anayekuongoza. Vijana wanaojitolea kukuonyesha mji ni wengi, na wengine ni wazuri sana. Wengine hutunga. Kila mji wenye boma la Mjerumani una mti wa kunyongea watu, na baadhi ya miti hiyo ina umri mdogo kuliko wangu. Mwongozaji mpime kwa swali moja: umesikia kwa nani? Akikutajia bibi yake, mwalimu wake, au mzee wa mtaa wa pili ambaye bado yu hai, lipa fedha na twende. Akikuambia "ndivyo inavyojulikana", mshukuru, mnunulie soda, mwachane salama.

Nimesema yote haya kana kwamba mahali hapo pana uhakika wa kutusubiri. Hapana uhakika. Nyumbani kwetu, katika ukanda huu wa dhahabu, jambo linalokula alama za vita kuliko mvua na mchwa ni imani ya hazina ya Mjerumani.

Msikilizaji wa Geita hahitaji kuelezwa. Kuna watu wanaozunguka na mashine za kupimia madini, mchana wanatafuta mwamba, usiku wanatafuta rupia. Wakiona jiwe lenye alama ya mshale, wanachimba. Wakiona msingi wa nyumba ya zamani, wanachimba. Wakiona kaburi lenye saruji ya kale, Mungu awasamehe, wanachimba. Husemwa kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia dhahabu akaweka alama, na kwamba wajukuu zake wanarudi kimyakimya na ramani. Mtalii maskini, aliyekuja kuangalia ngome ambayo babu yake alilinda, akikunja karatasi yake tu mfukoni, nyuma yake kumekucha na sururu.

Imani hii ina mbegu ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa na manowari za Kiingereza na hawapati fedha kutoka kwao, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, pale Iramba, wakaipeleka kwenye karakana ya reli karibu na Tabora na kugonga sarafu za rupia 15. Upande mmoja tembo na mlima, upande wa pili tai. Ziligongwa kama elfu kumi na sita hivi, wakaongeza na sarafu za shaba nyeupe na nyekundu zilizotengenezwa kwa mabaki ya vyuma na maganda ya risasi. Basi dhahabu yetu kweli ilikwenda vitani. Lakini fikiri kidogo: sarafu ziligongwa ili zilipe watu, zikalipa watu, zikatembea. Leo zimo katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao huziuza kwa mnada hadharani. Jeshi linalokosa hata wapagazi wa kubeba risasi, likikimbia kutoka Mwanza kwenda Tabora na kutoka Tabora kwenda Mahenge, halikai kuchimba mashimo ya kufukia mishahara yake kila baada ya kilomita kumi.

Na sheria je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo. Ila mstari wake wa miaka, ule unaofanya kitu kilindwe chenyewe bila mtu kusema neno, uko katika karne ya 19. Handaki la 1916 liko upande wa pili wa mstari huo. Ili lilindwe, Waziri lazima alitangaze, na ili Waziri alitangaze lazima mtu amwambie kwamba lipo. Ni nani atakayemwambia? Mchimbaji anajua lilipo, lakini hana sababu ya kusema. Halmashauri ingekuwa na sababu kama ingeona watu wanashuka kwenye mabasi, wanakula mchana, wanalala usiku mmoja, wakiuliza njia ya kwenda huko. Ndiyo maana nasema safari hizi si anasa ya watu wenye kofia za jua. Watu kumi wa Shinyanga wakiuliza swali lilelile katika ofisi ileile, faili hufunguliwa.

Nilisema nitarudi kwa wapagazi. Inakadiriwa kwamba Waingereza peke yao walitumia karibu watu milioni moja kubeba mizigo ya vita vile katika Afrika Mashariki, na waliokufa walizidi 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani nao walichukua wao, na Wabelgiji wao. Jina la Kariakoo, soko tunalolitaja kila siku kwa bei za nguo na simu, limetokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo kilichopiga kambi pale. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wabeba mizigo mashuhuri tangu enzi za misafara ya pembe, basi kila jeshi lililofika liliwatafuta wao kwanza. Na yule anayebeba hakuachiwa mtu wa kulima. Wazee walisimulia ng'ombe waliochukuliwa, maghala yaliyofagiliwa, kisha mwaka 1918 ikaja homa ile kubwa ya mafua ikamaliza waliobaki dhaifu.

Ukienda makaburi ya vita utaona mawe meupe, yamepangwa, yana majina, majani yamekatwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huyatunza vizuri, na nasema hivyo bila kejeli. Lakini mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliofia vita vile hawakuwekewa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Walikubali, wakaomba radhi. Vizuri. Sasa majina yenyewe yatatoka wapi? Makabati ya London hayanayo, kwa sababu mara nyingi hayakuandikwa kamwe. Yapo, kama yapo, katika vichwa vya watu wenye miaka 80 na 90 waliosimuliwa na baba zao, katika Maswa, Kahama, Nzega, Bukombe, Sengerema. Wazungu wanaoshuka melini na ramani hawawezi kuyapata hayo, hata wakiwa na fedha kiasi gani. Hawajui Kisukuma. Wewe unakijua.

Kwa hiyo mwenye kutaka kwenda Bukoba aende, na mwenye kutaka kuona Tabora apande gari asubuhi Shinyanga na jioni awe amerudi nyumbani. Lakini kabla hajakata tiketi aanze na babu au bibi wa nyumba yake. Amuulize kwa heshima, asubuhi, siyo jioni akiwa amechoka: katika ukoo wetu nani alichukuliwa kubeba mizigo? Alitoka kijiji gani? Alibeba nini? Alirudi?

Mkishayapata, niandikieni. Jina kamili la aliyebeba, jina la baba yake, kijiji, na mahali alikofia kama panajulikana. Kama hapajulikani andika hivyohivyo, hakurudi. Barua moja, ukurasa mmoja, andika kwa hati inayosomeka. Kuanzia juma lijalo, dakika tano za mwisho za mazungumzo haya nitakuwa nikiyasoma majina hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, na mhariri wa ukurasa huu amekubali kuyachapa.